Moyo Ulioniamsha Usiku
*Maneno yaliyosemwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka, Kahe*



Barua ya Katibu ilinitaka nizungumze juu ya utumishi wa umma na wajibu wa kijana. Nilianza kuiandika hotuba hiyo, nikafika ukurasa wa pili, nikaiweka kando. Juu ya utumishi wa umma wapo wengi wa kuwaelezeni, tena wenye vyeo kuliko mimi. Nimemwomba Mwenyekiti ruhusa, naye kanikubalia, nizungumze juu ya jambo ambalo kwa muda wa miezi minane sikumwambia mtu yeyote, hata mke wangu. Nataka kuzungumza juu ya moyo unaorukaruka usiku na kumnyima mtu usingizi.

Mimi si daktari. Ni mtumishi wa Serikali, na kazi yangu ni mafaili na makisio ya fedha. Nitakayoyasema ni yale yaliyonipata, pamoja na yale niliyoelezwa na madaktari na niliyoyasoma baadaye kwa hamu ya kutaka kuelewa.

Lakini siwezi kuanza na moyo wangu. Sina budi kuanza na moyo wa mwenzetu.

Nilipoingia Kidato cha Kwanza mwaka 1996, kitanda changu kilikuwa karibu na mlango wa bweni, na kitanda kilichofuata kilikuwa cha kijana mmoja kutoka huko juu mlimani. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa wazazi wake wangali hai. Tuliokuwa naye tunamkumbuka. Alikuwa hodari wa hesabu na mwimbaji mzuri. Katika muhula wa pili aliumwa koo, akapona bila dawa kama tulivyokuwa tukipona sote. Baada ya wiki mbili tatu goti lake likavimba. Goti likatulia, kikavimba kifundo cha mguu. Kifundo kikatulia, kikafuata kiwiko. Sisi tuliona ajabu, maradhi gani haya yanayohama kama mchungaji? Na kwa kuwa yalimpata zaidi siku za mchakamchaka na siku za kulima shamba la shule, tulikata shauri kwamba anatega. Tukampa jina la Mtegaji. Mimi mwenyewe nililitumia jina hilo, na nililitumia kwa miaka mitatu.

Usiku alikuwa akiamka na kukaa, mgongo ameuegemeza ukutani. Siku moja nilimwuliza ana nini. Akasema, "Moyo unarukaruka kama chura ndani ya ndoo." Nikacheka. Nikamwambia asali alale.

Mwenzetu alimaliza Kidato cha Nne, akapata kazi, akaoa. Alipofika miaka ya ishirini na kitu akaanza kushindwa kupanda kilima cha kwao bila kupumzika. Hospitali ikamkuta vali moja ya moyo imekakamaa na kuwa nyembamba, na vyumba vya juu vya moyo vinatetema ovyo bila mpangilio. Mwaka 2013 alipatwa na kiharusi, akafariki. Hakuwa amefikisha miaka 35. Nilihudhuria mazishi. Katika wasifu uliosomwa walitaja shule hii kwa sifa, nami nikainamisha kichwa.

Sasa mtaelewa hali yangu ilivyokuwa miaka michache baadaye, huko Dodoma, katika msimu wa kuandaa bajeti. Tulikuwa tunatoka ofisini saa nne za usiku. Nikijilaza, hasa kwa ubavu wa kushoto, moyo ulikuwa ukipiga vizuri, du, du, du, halafu unanyamaza. Kimya. Halafu unapiga pigo moja zito, kama mtu aliyebisha mlango kwa ngumi. Kisha unaendelea kama kwamba hakuna lililotokea. Baada ya dakika mbili, tena. Siku nyingine mara kumi, siku nyingine usiku kucha.

Katika ule unyamavu mfupi nilikuwa nasema moyoni: ndiyo basi. Nilikuwa namwona mwenzangu ameegemea ukuta. Nikaacha kulala chumbani, nikawa nalala nimekaa kwenye kiti cha sebuleni, na mke wangu nikamwambia nina kazi za ofisi. Nilipima mapigo kwa kidole shingoni mpaka ngozi ikawa nyekundu. Mchana nilisinzia katika vikao. Nilikuwa na bima ya afya, na hospitali haikuwa mbali. Sikwenda. Mtu anayeogopa jibu hujitafutia kila sababu ya kutouliza swali.

Desemba tulikuja nyumbani Kahe, kama desturi yetu. Jirani mmoja mzee aliposikia kwamba silali vizuri alisema hilo ni jinamizi, na kwamba yupo mtu wa kulitoa. Namheshimu mzee yule, lakini jinamizi ni jambo jingine: ni pale mtu anapozinduka usingizini akakuta mwili hautii amri na kifua kizito, na hali hiyo huisha yenyewe baada ya muda mfupi. Mimi nilikuwa macho kabisa, naweza kutembea. Na nilitembea kweli, uani, saa nane za usiku, hata mama akatoka na tochi.

Aliniuliza, nikamweleza yote. Mama hakulia wala hakunipa pole. Alisema, "Mwanangu, ng'ombe akikohoa siku mbili tunamwita bwana mifugo. Wewe uliyesoma hadi chuo kikuu unazunguka uani gizani na moyo wako?" Kesho yake nilipanda gari kwenda Moshi mjini.

Ndugu zangu, hospitalini nilielezwa mambo ambayo laiti ningeyajua mapema. Nitayaeleza kwa mfano wa hapa kwetu, ili hata mdogo wa Kidato cha Kwanza ayashike.

Mnajua kwamba stesheni yetu ya Kahe ni makutano. Njia ya Tanga kwenda Moshi ilijengwa na Wajerumani. Njia ya kutoka Voi kupitia Taveta ililetwa na Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ikaungana nayo hapa Kahe. Palipo na makutano lazima awepo mkuu wa stesheni wa kutoa ruhusa, ama sivyo treni zitagongana. Moyo nao una mkuu wa stesheni. Ni sehemu ndogo iliyo juu upande wa kulia, inayotoa umeme mdogo, na kila ikitoa, moyo unapiga. Kwa mtu mzima aliyetulia hutoa ruhusa mara 60 hadi 100 kwa dakika, na kwa siku nzima moyo hupiga mara 100,000 hivi.

Wakati mwingine sehemu nyingine ya moyo hutoa umeme wake kabla ya zamu. Ni kama treni ya ziada iliyotokea upande wa Taveta bila kuandikwa kwenye ratiba. Pigo hilo la mapema huwa dhaifu, kwa sababu moyo haujajaa damu. Mara nyingi hulisikii. Baada yake mkuu wa stesheni huzuia njia kidogo ili mambo yapangwe upya, na huo ndio ule unyamavu. Katika muda huo moyo hujaa damu kuliko kawaida, kwa hiyo pigo linalofuata huwa la nguvu. Ile ngumi iliyokuwa ikiniamsha ilikuwa ni moyo unarudi kwenye ratiba yake. Mimi nilikuwa naihesabu kama dalili ya kufa.

Nikauliza, mbona usiku? Daktari akanijibu kwamba mapigo hayo huwepo mchana vilevile, ila mchana kuna kelele na kazi. Usiku moyo hupiga polepole, na pigo la ziada hupata nafasi ya kuchomoka. Ukilalia ubavu wa kushoto, moyo husogea karibu zaidi na ukuta wa kifua, nawe unausikia. Na ukishaingiwa na hofu, mwili humwaga kemikali ya hofu katika damu, nayo huzidisha mapigo hayo hayo. Mtu huogopa kwa sababu moyo unaruka, na moyo huruka zaidi kwa sababu anaogopa.

Hata hivyo daktari hakuniambia kwa kunitazama uso kwamba sina neno. Alinipima. Kwanza kipimo cha umeme wa moyo, kile wauguzi wanachokiita ECG. Chombo hiki kilitokana na kazi ya Mholanzi Willem Einthoven, mzaliwa wa Semarang katika kisiwa cha Java, ambaye kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Wagonjwa wake walikuwa wakitumbukiza mikono na mguu katika vyombo vya maji ya chumvi; siku hizi hubandikwa vibandiko, na kazi huisha kwa dakika chache. Lakini kipimo cha dakika chache huweza kulikosa pigo linalokuja usiku. Kwa hiyo nilifungwa kifuani kidude cha kurekodi kwa saa 24. Aliyekibuni ni Mmarekani Norman Holter, na cha kwanza, cha miaka ya 1940, kilibebwa mgongoni kikiwa na uzito wa zaidi ya kilo 30. Changu kilikuwa kidogo kama kiberiti. Nililala nacho.

Majibu yalikuja: moyo wangu ulikuwa umepiga mara 96,000 na kitu katika siku moja, na kati ya hayo mapigo ya ziada yalikuwa 1,100 hivi. Picha ya moyo ikaonyesha vali nzima na misuli mizima. Damu ikapimwa: wekundu wa damu, chumvi za mwilini, tezi ya shingo, kwa maana upungufu wa damu, upungufu wa potasiamu na tezi inayofanya kazi kupita kiasi vyote huweza kuusumbua moyo. Kilichoonekana ni shinikizo la damu lililopanda kidogo. Daktari akasema mapigo yangu ya ziada hayana hatari, hayahitaji dawa, na huenda nitaishi nayo maisha yangu yote.

Nitawaambieni ukweli: yapo mpaka leo. Jana usiku, nikiwaza hotuba hii, yalikuja. Tofauti ni kwamba sasa nikiyasikia nageukia ubavu wa kulia. Nikikosa usingizi sibaki kitandani nikihesabu. Nainuka, nakaa kidogo, narudi. Nimeweka saa moja ya kulala. Bia na mbege nimevipunguza sana, kwa kuwa pombe huvuruga moyo na usingizi vyote viwili. Mirungi sikupata kuila, na yeyote anayeila ajue kwamba huukimbiza moyo.

Juu ya kahawa najua ninasimama katika mkoa gani, na baadhi yenu ada zenu zililipwa na mibuni ya huko juu. Basi sikieni. Marekani walifanya utafiti kwa watu wazima 100, siku nyingine wanywe kahawa, siku nyingine waache, huku mioyo yao ikirekodiwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2023. Mapigo ya ziada ya vyumba vya juu hayakuonekana kuongezeka. Ya vyumba vya chini yaliongezeka kiasi. Na siku za kahawa watu walilala pungufu ya nusu saa hivi. Mimi kahawa yangu nainywa asubuhi.

Sasa nirudi kwa mwenzetu, maana msije mkatoka hapa mkisema kwamba moyo ukiruka ni jambo la kupuuza.

Moyo wake na wangu viliruka usiku, katika giza lile lile, na kila mmoja wetu angeweza kutumia maneno yale yale kuueleza. Lakini havikuwa na ugonjwa mmoja. Wake ulianza na koo. Kuna aina ya vijidudu vya koo ambavyo, visipotibiwa, mwili hupigana navyo na kwa bahati mbaya baada ya wiki mbili tatu hugeuka kupigana na maungo na moyo wake wenyewe. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Huwapata hasa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 15. Maungo huvimba kwa kuhama, kisha hupona kabisa. Vali za moyo hazisahau. Miaka inapita, vali inakaza, vyumba vya juu vinavimba na kuanza kutetema, damu inatuama na kuganda, na bonge moja likisafiri hadi kwenye ubongo ndicho kiharusi.

Huko Ulaya na Marekani moyo wa kutetema ni maradhi ya wazee. Kwetu sivyo sana. Watafiti waliwapima wazee zaidi ya 2,000 wa miaka 70 na kuendelea katika Wilaya ya Hai, hapo jirani, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba wenye hali hiyo walikuwa pungufu ya mmoja katika kila 100. Lakini njia ya vali huwapitia vijana. Na njia hiyo huweza kufungwa mapema: penisilini kwa koo linalostahili, na kwa aliyekwisha kupata homa hiyo, sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi, ili isirudi. Mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio la kupambana na ugonjwa huu. Kwa maneno mengine, goti lile lililohama lilikuwa barua kutoka moyoni, nasi bweni zima tulilisoma kuwa ni utegaji.

Kwa hiyo, vijana wangu, shikeni haya. Kwanza, jifunzeni kuhesabu mapigo: vidole viwili kwenye kifundo cha mkono chini ya dole gumba, dakika nzima, mkiwa mmetulia. Hesabu, na sikiliza kama yanakwenda kwa mpangilio. Andika tarehe na saa, daktari atakushukuru. Pili, koo likiuma pamoja na homa, nenda zahanati. Maungo yakivimba kwa kuhama, nenda siku hiyo hiyo. Tatu, zipo dalili zisizongoja asubuhi: kuzimia, hasa ukiwa unakimbia, maumivu ya kifua, kukosa pumzi ukilala chali, moyo unaokwenda mbio nawe umekaa na usitulie, mkono au mguu kulegea, au ulimi kuwa mzito. Aidha, ikiwa katika ukoo wenu amewahi kufa kijana ghafla, mweleze daktari.

Na ninyi wenzangu wenye mvi, pimeni shinikizo la damu, na anayekoroma mpaka pumzi ikakatika amwambie daktari, maana hilo pia huutikisa moyo. Hatuko katika hali ya wazazi wetu. KCMC ipo hapa Moshi tangu mwaka 1971. Dar es Salaam ipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanza kama taasisi mwaka 2015, ambako wenye vali mbovu hufanyiwa upasuaji na wenye moyo uliozidi upole huwekewa vifaa vya kuuongoza.

Ndugu Mwenyekiti, nina ombi moja kwa mkutano huu. Najua mwaka huu tunachangia madawati na paa la maktaba. Naomba tuongeze mambo mawili ya bei nafuu: mashine moja ya kupimia shinikizo la damu kwa chumba cha huduma ya kwanza, na saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde kwa kila bweni. Za mabweni yote nitazilipia mimi. Ile ya bweni langu la zamani naomba ipigiliwe karibu na mlango, juu ya kitanda cha pili.

Na ninyi viranja, usiku mkimkuta mwenzenu amekaa ameegemea ukuta, msimwambie alale. Mwulizeni ana nini, mkae naye, mhesabu naye dakika moja. Kukipambazuka mpelekeni kwa mwalimu wa zamu.